Mzazi, Lijue Gego la Miaka Sita

"Ling'oe tu, daktari, si la utoto hilo? Litaota jingine." Maneno haya tunayasikia sana katika kliniki yetu ya meno hapa Tanga. Tukitazama, mara nyingi ni gego la kudumu, na hilo likitoka halirudi.

Mtoto akifikia miaka 6 hivi, gego hili huota nyuma kabisa ya magego ya utoto, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuna jino linalong'oka kulipisha, ndiyo maana wazazi wengi hawalioni likija. Huchukua miezi kupanda hadi kulingana na wenzake, na muda wote huo mswaki unapita juu yake bila kuligusa. Uso wake una vijifereji vyembamba ambamo kashata, visheti na ubuyu wa sukari hunasa. Bakteria wa kwenye ukoga hula sukari hiyo na kutoa asidi, nayo asidi hulitoboa jino.

Kwa hiyo usiku shika mswaki mwenyewe, mpaka mtoto afike miaka 7 au 8. Asimame mbele yako, kichwa akiegemeze kifuani kwako, afungue mdomo nusu tu. Akiupanua sana shavu hukaza na mswaki haupiti. Uingize kutokea pembeni ya mdomo, ukikatiza safu ya meno, usugue uso wa gego hilo taratibu. Kisha nenda kwenye mengine: laza nywele za mswaki pale jino linapokutana na fizi, zungusha polepole, nje na ndani, kwa dakika 2. Mswaki uwe laini. Ule mgumu huumiza fizi tu.

Dawa ya meno iwe na floraidi, yaani madini yanayoimarisha jino. Kiasi cha punje ya njegere kinamtosha mtoto wa miaka 3 hadi 6. Ateme povu, asisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki kwenye meno.

Asubuhi apige pia, lakini kama kuna wakati usioruhusu uvivu ni usiku, kwa sababu mate yanayolinda meno hupungua sana usingizini. Baada ya hapo ni maji matupu, si chai ya maziwa.

Ukiona doa la kahawia au jeusi kwenye gego hilo, mlete kliniki hata kama halimuumi. Tundu dogo huzibwa, na gego ambalo bado ni zima tunaweza kulifunika vijifereji vyake kabla halijatoboka.