Maana ya "atone": kutoka kupatanisha watu hadi kulipia kosa

Kitenzi cha Kiingereza "atone" kimetokana na maneno mawili yaliyoungana, "at" na "one". Waliogombana kisha wakapatana walisemwa kuwa wako "at one", wamekuwa kitu kimoja. Zamani "one" ilitamkwa kama inavyosikika leo ndani ya "only" na "alone". Sauti ya "w" mwanzoni mwake ilikuja baadaye, ndiyo maana wengi hawaitambui tena ndani ya "atone".

Nomino ndiyo iliyotangulia. William Tyndale, mfasiri wa Biblia kwa Kiingereza, aliitumia "atonement" katika Agano Jipya lake la 1526, kwenye Warumi 5:11, pale ambapo Biblia ya Kiswahili inasema "upatanisho". Kitenzi kilifuata katikati ya karne ya 16, na mwanzoni kilichukua watu kuwa yambwa (watendwa), yaani ulim-"atone" mtu, si kosa. Katika tamthilia ya Othello ya Shakespeare, Desdemona anatamani "to atone" mumewe Othello na ofisa wake Cassio, waliokosana. Hatubu wala halipi chochote. Anataka wawili hao wapatane. Ukimsoma kwa maana ya leo, utamtwika kosa asilolitenda.

Kuanzia karne ya 17 uzito ulihamia kwenye kosa lenyewe, na maana hiyo ndiyo iliyobaki: mkosaji kutenda jambo linalomgharimu ili kufuta ubaya alioufanya. Hapo ndipo inapotofautiana na jirani zake. Kuomba radhi kwaweza kuishia kwenye maneno. Fidia yaweza kulipwa na mwingine: kampuni ya bima humlipa aliyegongwa na gari, lakini haiwezi "atone" kwa niaba ya dereva.

Katika Walawi 16 neno hili husimama badala ya kitenzi cha Kiebrania "kipper", ambacho mzizi wake ndio wa Yom Kippur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, na ni ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupa kafara. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasisitiza kwamba siku hiyo haifuti kosa la mtu kwa mwenzake mpaka amridhishe kwanza yule aliyemkosea. Katika Uislamu, kafara ya kiapo imepangwa wazi katika Qurani 5:89: kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, asiyeweza afunge siku 3.

Hata hivyo, mfasiri asikimbilie "kafara" kila mara, kwa sababu mitaani kutoa kafara ni pia kuchinja ili kuepusha balaa, hata pasipo kosa. Kwa matumizi ya kawaida, "kulipia kosa" au "kufidia" hutosha. Kwenye andiko la Kikristo, "upatanisho".

Kisarufi, kinachowaponza wengi ni kuiacha "for". Sahihi ni "He atoned for his mistake", si "He atoned his mistake". Na ukitaka kumtaja aliyekosewa, tumia "make amends to". Waandishi wa michezo hukipenda sana kitenzi hiki: mchezaji akikosa penalti kipindi cha kwanza kisha akafunga cha pili, huandikwa kwamba "he atoned for the miss".