Yadi Hazipandi Ndege

Imetokea tena. Raningibeki mpya, yaani mkimbiaji anayebeba mpira katika mpira wa Kimarekani, amepatikana kwa kubadilishana na timu nyingine, na hata vipimo vya afya hajafanyiwa, simu yangu imeshajaa ujumbe wa sauti. "Kocha, huyu msimu uliopita alipata yadi elfu na mia tatu, kwetu anapiga elfu na mia tano, andika!" Mwingine anakuja na kilio: "Kaka, tumeliwa. Herschel Walker namba mbili hii." (Huyo Walker nitamfikia.)

Naishi Minnesota, nafundisha wakimbiaji wa timu ya sekondari, na Waswahili wenzangu wa huku waliouzoea mpira wa Kimarekani wana ukereketwa unaowashinda wenyeji. Nawapenda. Lakini hii tabia ya kuchukua yadi alizopata mtu akiwa na jezi nyingine, kuzihamisha kama zilivyo na kuziongezea mia mbili za furaha, imenifika hapa. Wanaolia na wanaoshangilia wanaamini kitu kimoja: kwamba yadi ni mali ya mkimbiaji, anakuja nazo kwenye begi.

Hebu tuanze na Clinton Portis, maana mashabiki wengi mnaoniandikia mlikuwa hamjaanza kuangalia mpira huu wakati wake.

Portis alicheza Denver misimu miwili, 2002 na 2003. Yadi 1,508, kisha 1,591. Wastani wa yadi 5.5 kila alipoubeba mpira, miaka yote miwili. Mwaka 2004 Denver wakampeleka Washington, wakamchukua Champ Bailey na juu yake wakaongezwa chaguo la raundi ya pili, yaani zamu ya kuchagua kijana mpya katika mzunguko wa pili wa uchaguzi wa kila mwaka. Mchezo wa kwanza, mpira wa kwanza kushika akiwa na jezi mpya, Portis akaondoka yadi 64 moja kwa moja hadi tachidauni, kule mwisho wa uwanja. Mnaweza kufikiria mashabiki wa Washington walivyokuwa jioni ile. Msimu ulipoisha alikuwa ameubeba mpira mara 343 kwa wastani wa 3.8.

Mtu yuleyule, miguu ileile, umri wa miaka ishirini na kitu. Kilichobadilika ni mambo yote yaliyomzunguka. Denver ya kocha Mike Shanahan ilikimbia kwa zoni: laini nzima, wale watano wanaozuia mbele, inapiga hatua ya kwanza kwenda pembeni, mlinzi analazimika kukimbia nao, mkimbiaji anasubiri aone nani amepitiliza, anakata mara moja, basi. Hakuna kucheza ngoma pale nyuma. Washington ya kocha Joe Gibbs ilitaka kitu kingine, gadi, mmoja wa watu wa laini, anatolewa upande mmoja anazunguka kufungua njia upande wa pili, na mkimbiaji anamfuata kwa subira. Tena Jon Jansen, teko wao wa kulia, yaani mtu wa mwisho pembeni mwa laini, alichanika kano ya kisigino kabla msimu haujaanza. Kumchukua Portis na kutarajia 5.5 pale ni kumchukua dereva aliyetamba kwenye lami, kumkabidhi njia ya makorongo, kisha kumlaumu kwamba amepunguza mwendo.

Na Denver je? Walipata hasara? Msimu huohuo wa 2004 Reuben Droughns, mtu aliyeanza msimu akiwa akiba, alimaliza na yadi 1,240. Kabla ya Portis, mwaka 1999, Terrell Davis alipoumia goti, Olandis Gary wa raundi ya nne alipata 1,159. Mwaka 2000 Mike Anderson, mwanajeshi wa zamani aliyechaguliwa raundi ya sita, alipata 1,487. Davis mwenyewe, aliyefikisha 2,008 mwaka 1998, alikuwa wa raundi ya sita. Mkiona wanaume wanne au watano tofauti wanachuma shamba moja na kila mmoja anarudi na gunia limejaa, lisifieni na shamba.

Kwa wanaotaka hesabu, nasema haraka: yadi za mkimbiaji zina sehemu mbili, kabla ya kuguswa na baada ya kuguswa. Za kabla ya kuguswa zimelipiwa na watu watano wa laini, taiti-endi anayesimama ubavuni mwao, na kwotabeki, mrusha pasi, anayeogopwa kiasi kwamba walinzi hawathubutu kujaza boksi, lile eneo la katikati mbele ya mpira. Wakiwa sita ndani ya boksi, mkimbiaji wa kawaida anaonekana shujaa. Wakiwa wanane, shujaa anaonekana mzee. Mnapotazama marudio, msimfuate mwenye mpira. Hesabuni kwanza walio kwenye boksi. Nimelisema hili mpaka wanafunzi wangu wanalisema kwa sauti yangu wakinidhihaki.

Sasa swali la wiki ya pili, ambalo huja na hasira: "Mbona hachezi? Tumempata wa nini sasa, kukaa benchi?"

Hachezi kwa sababu ya dauni ya tatu, yaani jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye kazi yangu halisi na hakuna anayenishangilia kwa ajili yake.

Dauni ya tatu, yadi nane zinahitajika. Kila mtu uwanjani anajua inakuja pasi. Mkimbiaji amesimama pembeni mwa kwotabeki. Kazi yake si kukimbia. Ni kumzuia mtu atakayepenya. Nani atapenya? Hajui. Kwotabeki au senta, yule anayeutoa mpira, anamnyooshea kidole lainibeka mmoja, mlinzi anayesimama nyuma ya laini ya wapinzani, na kumtangaza, na kutokana na tangazo hilo laini inajua inageukia wapi na mkimbiaji anajua wake ni nani. Mpira unatoka. Anaanza kutazama ndani, kisha nje, daima ndani kwanza, kwa sababu anayepita katikati ndiye mwenye njia fupi ya kufika. Akiona lainibeka wa kilo mia na kumi anakuja, asimsubiri. Apige hatua ya kumfuata, kichwa juu, mikono ndani ya kifua, amkute kabla hajashika kasi. Vijana wangu wote wanakosea palepale: wanasubiri. Ukisubiri, unaangushwa wewe na kwotabeki wako kwa pamoja, na mimi ndiye mkuu wangu anayenigeukia.

Mchezaji wa kulipwa anayajua haya yote. Ila timu moja inauita mpangilio huo jina hili, nyingine inauita jina lile, na kuna mipangilio mingi, na mingine inabadilishwa pale pale kwenye mstari zikiwa zimebaki sekunde nne. Kukimbia mtu atajifunza kwenye ndege. Ulinzi wa kwotabeki haujifunzi kwa siku tatu, na hakuna kocha mwenye akili atakayemwachia mgeni mbavu za kwotabeki anayelipwa mamilioni. Christian McCaffrey alihamia San Francisco Alhamisi usiku, tarehe 20 Oktoba 2022, na Jumapili akacheza dhidi ya Kansas City, lakini mara chache tu, kwa mbinu alizochaguliwa. Na huyo ni McCaffrey, si binadamu wa kawaida.

Herschel Walker. Haya, na hili nalo. Huku Minnesota huwezi kutaja kubadilishana raningibeki bila mzee mmoja kushika kichwa. Machi 2025 Vikings, timu yetu ya hapa, walimchukua Jordan Mason kutoka San Francisco kwa chaguo la raundi ya sita na kubadilishana chaguo lao la raundi ya tano kwa la sita, na bado niliambiwa ni Herschel mwingine! Raundi ya sita, ndugu zangu.

Oktoba 1989 Vikings walipomchukua Walker kutoka Dallas, mchezo wake wa kwanza dhidi ya Green Bay alipata yadi 148, na kwenye mbio mojawapo kiatu kilimvuka akaendelea na kimoja. Hakuwa mchezaji mbovu. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amepata 1,514 pale Dallas. Hapa hakufikisha elfu moja katika msimu wowote, na makocha hawakuwahi kuelewana naye juu ya namna ya kumtumia. Lakini kilichoiumiza Vikings ni maandishi ya mkataba. Wachezaji waliopelekwa Dallas kila mmoja aliambatana na machaguo ya masharti: Dallas wakimwacha mchezaji kabla ya tarehe fulani, wanapata machaguo. Mike Lynn, meneja mkuu wa Vikings, alidhani Jimmy Johnson, kocha wa Dallas, anawataka wachezaji. Johnson alikuwa anayataka machaguo tangu siku ya kwanza. Sehemu ya machaguo hayo ndiyo iliyowafikisha kwa raningibeki Emmitt Smith mwaka 1990. Dallas iliyomaliza 1989 kwa ushindi mmoja na vipigo 15 ikachukua ubingwa wa misimu ya 1992, 1993 na 1995. Kama mnataka kuogopa kitu, ogopeni vifungu vidogo, sio raningibeki.

Pesa nitazipita. Mnachohitaji kujua ni kwamba bonasi ya kusaini inabaki kwenye hesabu za timu ya zamani, timu mpya inalipa mshahara wa wiki zilizobaki. McCaffrey alikuwa na mkataba wa dola milioni 64 kwa miaka minne, na mwaka ule San Francisco walimlipa chini ya milioni moja. Kwa hiyo ukisikia "wanamlipa milioni kumi na sita", uliza nani anamlipa.

Mpaka hapa nimeongea kama mtu mwenye uhakika. Sasa yale yanayoninyima usingizi.

Septemba 2013 Colts walitoa chaguo la raundi ya kwanza kumpata Trent Richardson, ambaye Cleveland walimchagua wa tatu kwa jumla mwaka mmoja tu kabla. Msimu ule, akiwa Colts, alibeba mpira mara 157 akapata yadi 458. Wastani 2.9. Kwa hoja yangu ningesema laini ya Colts ilikuwa mbovu, na kweli haikuwa nzuri. Tatizo ni Donald Brown. Laini ileile, kwotabeki Andrew Luck yuleyule, Brown alibeba mara 102 akapata 537. Wastani 5.3. Wenzangu wanajitetea kwamba Brown aliingia zaidi kwenye hali za pasi, boksi likiwa jepesi. Sawa, inapunguza pengo. Kulimaliza, hapana. Richardson alikuwa haoni njia. Njia ilikuwepo, na yeye alikuwa anaingia mgongoni mwa gadi wake mwenyewe. Macho hayo sijui namna ya kuyapima, na sijui namna ya kuyafundisha kwa asiyekuwa nayo. Nina mazoezi yangu, yanasaidia kidogo, basi.

Halafu kuna Saquon Barkley. Hakubadilishwa, alisaini mwenyewe, lakini mnanitupia kila siku. Giants mwaka 2023: yadi 962, wastani 3.9. Eagles mwaka 2024: yadi 2,005, wastani 5.8. Mnasema: mnaona, ukimpata nyota unashinda. Nasema: mnaona, nyota yuleyule kwa Giants alikuwa 3.9. Hapo nashinda mjadala na ningependa kuishia hapo. Ila mwaka uliotangulia, nyuma ya laini ya Eagles ambayo bado ilikuwa na senta Jason Kelce kabla hajastaafu, D'Andre Swift, ambaye alifika kwa kubadilishana na Detroit, alipata wastani wa 4.6. Sio mbaya hata kidogo. Barkley akaja bila Kelce akaongeza zaidi ya yadi nzima kila alipoushika mpira. Ile siku dhidi ya Jacksonville alipogeuka na kumruka mlinzi kinyumenyume, hakuna mtu wa laini aliyemsaidia kuruka. Kwa hiyo sehemu fulani ni ya mkimbiaji. Ni kiasi gani? Mtu akikupa asilimia, muulize ameitoa wapi.

Kinachosafiri bila mashaka ni mikono. McCaffrey, siku kumi tu baada ya kuhamia San Francisco, dhidi ya Rams alirusha pasi ya tachidauni ya yadi 34, akadaka tachidauni, akakimbia tachidauni, mchezo mmoja. Huyo unamtolea raundi ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano na hulii. Na huko Carolina alikotoka, timu iliyodhaniwa itakufa ilikimbia yadi 320 dhidi ya Detroit mkesha wa Krismasi mwaka uleule, rekodi ya klabu, wakibeba D'Onta Foreman na Chuba Hubbard.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Marshall Faulk. Mwaka 1998 akiwa Colts alidaka mipira 86. Mwaka 1999 Colts wakampeleka Rams kwa chaguo la raundi ya pili na la tano, akadaka 87. Mbio zake zikatoka wastani wa 4.1 hadi 5.5, kwa sababu laini ilikuwa nyingine na kwotabeki Kurt Warner alikuwa anawatisha watu huko nyuma. Mikono haikubadilika, yadi zilibadilika. Rams walitoka ushindi wanne hadi 13 na wakachukua Super Bowl, fainali ya ubingwa. Mashabiki wa Colts walilia sana siku ile. Timu yao ikamchagua Edgerrin James, akaongoza ligi nzima kwa yadi 1,553 akiwa mgeni, na Colts wakatoka ushindi watatu hadi 13. Wale mnaoniuliza kila mara nani kaliwa, nijibuni hapo nani aliliwa.