Mkojo Wako ni wa Njano? Usikimbilie Duka la Dawa

Karibu kila asubuhi mtu hufika kwenye dirisha la maabara yetu, akakabidhi kopo na kusema kabla hatujamuuliza: "Nina U.T.I, mkojo umekuwa wa njano sana." Anamaanisha maambukizi ya njia ya mkojo. Tunapima. Hakuna usaha, hakuna bakteria, hakuna damu. Tukimuuliza jana alikunywa maji kiasi gani, anafikiri kidogo, kisha anajibu: glasi moja, pale alipokula mchana.

Unjano wenyewe si ugonjwa. Chembe nyekundu ya damu huishi takribani siku 120, na ikizeeka mwili huivunja. Sehemu ya mabaki yake huishia kuwa rangi iitwayo urobilini, ambayo hutoka na mkojo kila siku, unywe maji usinywe. Kinachoongezeka au kupungua zaidi ni maji yanayoizimua. Mwili ukikaukiwa, ubongo hutoa homoni inayoziambia figo zibane maji, na mkojo unaotoka huwa mchache na mzito. Ndiyo maana wa alfajiri huwa mkali hata kwa mtu mzima wa afya, huo usikutishe. Tazama wa saa nane mchana. Ukiwa kama maji yaliyokamuliwa limau, uko sawa. Ukiwa kama asali, mwili unakudai maji.

Na Dar es Salaam hudai sana. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30, na unyevunyevu wa bahari hufanya jasho lichuruzike badala ya kukauka na kutupoza. Mama ntilie aliyeinamia jiko la mkaa na kijana wa bodaboda aliyevaa jaketi juani hupoteza maji kutwa. Lakini wengi ninaozungumza nao hawakukosa maji. Wanakwepa choo. Kondakta wa Mbagala anaanza safari kabla hakujapambazuka. Muuza mitumba wa Kariakoo akiondoka mezani nani atalinda mzigo? Choo kiko mbali, ni cha kulipia, na pengine hakiingiliki. Basi wanajibana. Siwalaumu, ila kunywa maji kidogo na kubana mkojo muda mrefu kunaweza kuwaletea U.T.I ya kweli, hasa wanawake.

U.T.I ya kweli hujitambulisha kwa kuchoma wakati wa kukojoa, haja ndogo ya mara kwa mara inayotoka matone, maumivu chini ya kitovu, wakati mwingine homa. Rangi peke yake haitoshi kuithibitisha. Anayemeza antibayotiki kwa sababu ya unjano tu anawafundisha bakteria kuzizoea, na siku atakayozihitaji huenda zisimsaidie. Kuna kichekesho hapa: metronidazo, ile dawa inayoacha ladha ya chuma mdomoni, inaweza kuufanya mkojo wa baadhi ya watu kuwa wa kahawia. Mtu anaona umezidi kukolea, anarudi dukani kuongeza dozi!

Dawa nyingine nazo hubadilisha rangi. Vitamini B huleta njano ya kung'aa. Rifampisini ya kifua kikuu huleta rangi ya chungwa, hata kwenye jasho na machozi. Asiache dawa mtu kwa sababu hiyo.

Zipo rangi ambazo maji hayatibu. Damu inayotokea mwishoni mwa mkojo, hasa kwa mtoto anayeogelea kwenye madimbwi na mito, hutufanya tutafute mayai ya kichocho. Mtu mzima akikojoa damu bila maumivu yoyote asifurahie kutoumia: inaweza kuwa uvimbe kwenye kibofu. Mkojo kama chai ya rangi pamoja na macho ya manjano au choo kilichopauka unaelekeza kwenye ini au njia ya nyongo. Na mgonjwa wa malaria akikojoa mkojo mweusi kama kola, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Mkojo mweupe kama maji nao unaweza kudanganya. Mwenye selimundu (sikoseli), ugonjwa ulioenea sana nchini kwetu, mara nyingi figo zake hushindwa kubana maji, hivyo mkojo hubaki mwepesi hata akiwa amekaukiwa. Yeye asisubiri rangi. Anywe kwa ratiba. Anayekojoa mwingi, mweupe, huku kiu haimwishi, apime sukari.

Ukiambiwa ulete mkojo, toa hapahapa hospitali: mwaga wa mwanzo, kinga wa katikati. Kopo lililosafiri kutoka Mbagala kwenye joto la daladala hufika bakteria wakiwa wamezaliana, na rangi ikiwa si ile uliyoiona nyumbani.