Kwa nini rangi ya kijivu-hudhurungi haitulii ukutani?

Unaichagua dukani, kijivu chenye uhudhurungi, imetulia kabisa. Ikishapakwa, sebuleni inaelekea zambarau hafifu na chumbani inaelekea kijani, ilhali kopo ni lile lile. Fundi usimlaumu.

Kwenye kompyuta, rangi huandikwa kwa viwango vya nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Aina moja mashuhuri ya kijivu-hudhurungi, ile iliyokolea, ni 72, 60, 50. Tazama namba hizo zilivyokaribiana: zingelingana, ingekuwa kijivu tupu. Uhudhurungi wote unatokana na nyekundu kuzidi kidogo na buluu kupungua kidogo. Chungwa kali ni 255, 128, 0, na hata taa ikiivuta huku au kule itabaki chungwa. Hii yetu ikiguswa tu, imeshahama.

Na taa huvuta kweli. Balbu ya Kelvin 2700 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga) ina mwanga wa manjano. Ile ya 6500, nyeupe kali iliyojaa madukani kwetu, ina ubuluu. Chini ya hiyo ya pili ukuta hupoa hadi kufanana na saruji.

Kisha kuna majirani, yaani rangi zilizo kando yake. Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul alikabidhiwa idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kinachofuma mazulia ya kutundika ukutani. Watu walilalamika kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Alipochunguza alikuta dawa ya rangi haina kasoro. Nyuzi za jirani ndizo zilizokuwa zikilidanganya jicho. Maelezo yake kamili yalitoka kitabuni mwaka 1839. Jicho huisukuma rangi upande ulio kinyume na jirani yake, na rangi dhaifu husukumika kwa urahisi zaidi: kando ya nyekundu, kijivu-hudhurungi huingiwa na ukijani, kando ya buluu hupata joto. Wasanifu huipenda kwa udhaifu huohuo, maana mto wa kitenge chekundu ukikaa juu yake unang'aa bila kushindana na chochote.

Lakini majirani wanaweza pia kuichafulia jina. Tangu Desemba 2012, pakiti za sigara nchini Australia hutolewa katika rangi Pantone 448 C (Pantone ni mfumo wa kuzipa rangi namba), iliyoteuliwa baada ya utafiti kuonyesha kwamba wavutaji wanaiona mbaya. Namba zake ni takriban 74, 65, 42. Linganisha na zile za juu! Kwenye pakiti imezungukwa na picha za magonjwa. Kwenye kochi la ngozi, kando ya mbao na kitani, watu huilipia pesa nyingi.

Kwa hiyo kadi ndogo ya dukani mimi siiamini. Paka kipande cha ubao, kisimamishe kando ya kochi na vigae vyako, kitazame mchana na tena usiku taa zikiwaka, ndipo ununue ndoo ya lita 20.