Akili mnemba ninayoihofia si ile ya video bandia

Uchaguzi ukikaribia, watu hunitaka nizungumzie video za kughushi. Nazungumza, ila wasiwasi wangu uko kwingine. Kazi yangu ni kuchambua mifumo inayopanga posti ipi uione kwanza ukifungua simu. Hiyo nayo ni akili mnemba, na ilishazoeleka kabla hatujaanza kusikia sauti bandia za wagombea.

Tuishike Facebook, maana ya ndani yake yalianikwa mwaka 2021, pale Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake, alipotoa nyaraka. Kuanzia 2017 kubonyeza emoji, ya hasira ikiwemo, kulihesabiwa mara tano ya laiki katika kupanga posti: laiki pointi moja, emoji pointi tano. Mabadiliko ya mfumo huo ya 2018 yakaipa komenti nzito, yaani yenye maelezo ya maana, pointi 30.

Sasa piga hesabu. Diwani anaandika kwamba kisima cha kata kimekamilika, watu 100 wanalaiki: pointi 100. Hasimu wake anaandika kwamba wafuasi wa diwani ni wezi watupu. Watu 20 wanabonyeza uso wa hasira, wanne wanamshukia kwa komenti za aya nzima: pointi 220. Kisima kimezama. Na hao waliokasirika huenda ni wafuasi wa diwani wenyewe, wamemkuza adui yao bila kujua. (Emoji ya hasira ilivuliwa uzito Septemba 2020.)

Basi turudishe posti zipangwe kwa saa zilivyoandikwa, yaishe? Watafiti walijaribu hilo Marekani wakati wa uchaguzi wa 2020, kwa Facebook na Instagram, kwa miezi mitatu. Matokeo yalitoka 2023: chuki kati ya wafuasi wa vyama viwili haikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Meta, kampuni inayomiliki mitandao yote miwili, ilifurahi. Mimi sikushangaa, kwani jaribio lilibadili mpangilio wa wasomaji wachache, wanaoandika posti wakabaki walewale.

Hapo ndipo penye jambo. Katika nyaraka zilezile za Haugen, timu ya mitandao ya chama kimoja cha Poland inaeleza kwamba zamani posti zao zilikuwa nusu kwa nusu, za kusifu na za kushambulia. Baada ya mabadiliko ya 2018, za kushambulia zikafika asilimia 80. Hakuna aliyewaamuru. Walitazama namba, wakajifunza kinachosambaa. Kwa maoni yangu mfumo humharibu kwanza anayeandika. Msomaji hufuata baadaye, akikuta mezani matusi tu.

Akili mnemba ya kuandika imeingia kwa timu hizohizo. Kijana mmoja wa kampeni anaweza kuandikiwa matoleo 50 ya shambulio moja kabla chai haijapoa, akayarusha yote, akabakiza lililokasirisha zaidi. Hakuna hata moja linalohitaji kuwa la uongo, kwa hiyo wakaguzi wa habari bandia hawana pa kulikamatia.

Umoja wa Ulaya sasa unayalazimisha majukwaa makubwa kumpa mtumiaji chaguo la mpangilio usiotegemea taarifa zake binafsi. Ni haki nzuri kwa msomaji. Lakini timu za kampeni bado zinanufaika na posti zinazosambaa.