Taulo ya karatasi isiyochanika ikilowa si ya plastiki

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni 2019, mameneja wa hoteli na migahawa ninaowashauri kuhusu vifaa vya usafi hapa Arusha wamekuwa makini na kila kinachoingia stoo, na umakini huo ninauheshimu. Nisichoweza tena kukinyamazia ni hitimisho ninalolisikia karibu kila ninapokaa na watu wa manunuzi: kwamba taulo ya karatasi ikiloweshwa na kukamuliwa bila kuchanika, basi ndani yake mna plastiki, na kwamba karatasi halisi ni ile inayomeguka mkononi. Hoteli moja ya Njiro ilirudisha mzigo mzima wa taulo nzuri kwa sababu hiyo, ikanunua dhaifu ambazo sasa wageni huzivuta nne nne ili kukausha mikono.

Nyuzi za selulosi katika karatasi hushikana kwa vifungo vya haidrojeni. Vifungo hivyo ni imara karatasi ikiwa kavu, lakini molekuli za maji zikijipenyeza kati ya nyuzi huzitenganisha, ndiyo maana karatasi ya kawaida iliyolowa chapachapa hubaki na chini ya asilimia 10 ya nguvu yake. Kinachoiokoa taulo ni resini, yaani kemikali inayozishikanisha nyuzi, na iliyoenea zaidi ni ya poliamidi-epiklorohidrini, iliyotokana na kazi ya Gerald Keim wa kampuni ya Hercules ya Marekani, aliyepewa hataza zake mwaka 1960. Resini hii haipakwi juu ya karatasi, kama wengi wanavyodhani, bali humiminwa ikiwa imeyeyuka majini katika rojo la nyuzi, kabla karatasi haijaumbwa. Kwa kuwa ina chaji chanya na nyuzi zina chaji hasi, huzing'ang'ania nyuzi zenyewe. Kisha joto la mtambo wa kukaushia huifanya ifungamane yenyewe kwa yenyewe na pia na selulosi, kwa vifungo vya kovalenti ambavyo maji matupu hayavivunji upesi. Ufungamanaji huo huendelea hata katika ghala, na ndiyo sababu taulo mpya huongeza nguvu kwa siku kadhaa baada ya kutoka kiwandani.

Kuhusu kiasi, ambacho ndicho kiini cha ubishi huu, resini kwa kawaida haizidi kilo 10 hivi katika tani moja ya nyuzi kavu. Ni kweli kwamba ni polima ya kiwandani, yaani kemikali ya molekuli ndefu kama ilivyo plastiki, na simfichi mtu hilo. Lakini tofali la udongo lililochanganywa na saruji kidogo ili lisimomonyoke wakati wa masika halimfanyi mtu adai kwamba amejengewa nyumba ya zege. Anayebaki na shaka achome kipande cha taulo nje, mahali salama. Plastiki ya mfuko huyeyuka, hudondoka na kuganda kuwa donge gumu, ilhali taulo huungua na kuacha majivu mepesi. Jaribio hilo ni la dakika moja, nami ningependa kila mtu wa manunuzi alifanye kabla ya kurudisha mzigo wa watu.

Swali la sumu ni la haki zaidi. Utengenezaji wa resini hii huacha mabaki ya misombo ya klorini, hasa 3-MCPD, ambayo Ujerumani imeiwekea kikomo cha mikrogramu 12 kwa lita ya maji yaliyolowekewa karatasi inayogusana na chakula. Resini za kizazi kipya zimepunguza sana mabaki hayo. Kwa taulo za jikoni, mdai msambazaji cheti cha kugusana na chakula, na asipokuwa nacho msinunue.

Dhana kwamba taulo imara hainyonyi maji haina msingi. Unyonyaji hutokana na nafasi zilizo kati ya nyuzi, na mikunjo na vinundu vya karatasi ndivyo huzitengeneza. Kemikali za kuzuia maji yasipenye ni kundi jingine kabisa, hutiwa kwenye karatasi za kuandikia. Idadi ya tabaka nayo haithibitishi kitu. Loweka karatasi moja katika maji safi kwa nusu dakika, ishike kwa ncha mbili, kisha uivute polepole: tabaka moja lenye resini litayashinda matatu yasiyo nayo.

Lakini uimara huohuo ndio unaonifanya nisisitize, kuanzia Kijenge hadi Moshi mjini, kwamba taulo hizi zisitupwe chooni kwa hoja kwamba karatasi zote ni sawa. Karatasi ya chooni ama haitiwi resini ama hutiwa ya muda mfupi, kama ile ya poliakrilamidi iliyounganishwa na gliokisali, ambayo vifungo vyake huachia majini baada ya muda. Taulo huvuka bomba ikiwa nzima, hujisokota na mafuta, na fundi huitwa. Wekeni pipa lenye mfuniko kando ya kila sinki na kila choo, na msizichanganye na karatasi za ofisi mnazowauzia wakusanyaji, kwa kuwa ili zirudi kuwa rojo zinahitaji joto na kemikali kali ambazo mitambo mingi ya karatasi chakavu haitumii. Zilizofutia maji na mabaki ya mboga pekee zinaweza kuingia katika shimo la mboji la bustani, ambako zitaoza, ingawa polepole kuliko gazeti.