Kwa nini kiraka cha zulia huonekana rangi tofauti hata kikitoka kwenye zulia lilelile?

Kaa la chetezo likidondoka sebuleni huacha alama nyeusi, ngumu, ambayo sabuni haiitoi. Mazulia mengi ya bei nafuu ni ya polipropilini, plastiki inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi. Pasi ya kunyooshea pamba hufika 200, sembuse kaa la moto. Kwa hiyo hapo hakuna uchafu wa kuosha. Nyuzi zimeyeyuka zikagandana.

Zikiwa zimeungua ncha tu, punguza kwa mkasi mdogo, kidogo kidogo. Moto ukifika kwenye kitambaa cha chini kinachoshika nyuzi, itabidi uweke kiraka, na hapo ndipo watu hushangaa: kipande wamekikata chini ya kabati, zulia ni lilelile, lakini kikishabandikwa kinang'aa au kimekoza kuliko jirani zake.

Sababu ni ulalo. Nyuzi za zulia hazisimami wima kabisa, huinamia upande mmoja. Zikikuinamia wewe, unaona ncha zake, na ncha hurudisha mwanga kidogo, basi rangi hukoza. Zikiinamia upande wa pili unaona ubavu wake, nao hung'aa. Pitisha kiganja: upande mmoja kunateleza, upande mwingine nyuzi zinasimama. (Jua na nyayo nazo hupausha sehemu ya wazi, hilo halina dawa ya haraka.)

Kwa hiyo kabla ya kukata, bandika karatasi yenye mshale wa ulalo kwenye kipande na karibu na shimo pia. Tenganisha nyuzi kwanza, kisha kata kwa kisu kikali ukipita katikati yake, usizifyeke. Tumia kiraka chenyewe kama kipimo cha shimo. Chini weka utepe wa gundi wa pande mbili, kingo zipake gundi ya mpira inayobaki laini. Supaglu hukauka ikawa ngumu, ukikanyaga pekupeku utaijua. Lalisha vitabu vizito juu hadi kesho yake.

Zulia la sufu ni habari nyingine. Choma uzi mmoja uliochomoa, mbali na zulia: ukinuka nywele na kuacha jivu linalopondeka, ni sufu. Hiyo haiyeyuki, na mara nyingi weusi wa juu hukwanguliwa kwa ukucha. Na kama limefumwa kwa mkono, fundo kwa fundo, usilitie kisu. Mpelekee fundi anayejua kufuma upya.